Chuma Kilichotoka Myanga

Kitale, 14 Mei 1950

Khocha wangu mpendwa Wekoye,

Mulembe. Nakusalimu wewe, mkeo Mama Wilkista, na wote wa hapo Myanga. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mvua huku haijapumzika tangu Pasaka, na mahindi ya wazungu yamefika magotini. Mama ameniandikia kutoka Misikhu kwamba mbuzi mweusi amezaa mapacha, na kwamba ulimletea mbegu ya maharagwe kwa mkokoteni wako mpaka mlangoni. Asante sana. Tangu Baba afariki, jina lako halikosi Mama anapoombea chakula, na ninyi ndugu mlivyo, najua hajawahi kukwambia.

Sasa, Khocha, neno lililonifanya nishike kalamu. Nilikwambia nimepata kazi kwenye stoo ya mahindi. Sikukwambia ni kazi gani. Nashona midomo ya magunia. Nashona vizuri, hata nyapara wetu, Bwana Hiram Kinyua, mtu wa Nyeri, amenisifu. Lakini mwezi uliopita alitaka kuona kama naweza kubeba. Gunia lililojaa ni ratili mia mbili, na linapandishwa kwa ubao mpaka juu ya rundo, karibu na mabati. Nilifika katikati ya ubao. Miguu ikatetemeka, nikaanguka, gunia likapasuka, na kuku wa Mama Nyaruai, mke wa Bwana Hiram anayeuza uji langoni, wakala mpaka wakashindwa kutembea. Stoo nzima ilicheka.

Bwana Hiram hakucheka. Aliniita kando akasema, "Mukhisa, wewe ni kijana mzuri, na sindano unajua. Lakini mavuno ikifika siwezi kuweka mtu wa sindano peke yake. Tarehe moja mwezi wa kumi na moja utapanda hii ubao na gunia mzima. Ukishindwa, si ati mimi nimekufukuza. Ni ubao imekufukuza."

Dada zangu wawili wanasoma kwa kazi hii. Nikirudi nyumbani mikono mitupu, Mama hatanigombeza. Atanipakulia chakula na kunyamaza, na hilo ndilo naliogopa.

Watu husema jeshini ulikuwa ukiinua chuma kuliko askari wote wa kambi yenu. Nakuuliza kama mtoto: nguvu hufundishwa, au mtu huzaliwa nayo?

Mimi mpwa wako,
Mukhisa


Myanga, 28 Mei 1950

Mpwa wangu Mukhisa,

Mulembe. Barua yako ilikaa dukani siku nne kwa sababu mwenye duka aliogopa kuigusa. Mwandiko wako unafanana na wa karani wa kodi. Wilkista anakusalimu na anauliza kama umepata mchumba. Mimi siulizi. Aliyeangushwa na gunia la mahindi tumwache kwanza apone.

Swali lako ni zuri, na jibu lake ni fupi. Nguvu hufundishwa. Nilipoingia jeshini mwaka 1941 nilikuwa mwembamba kuliko wewe. Aliyetuzoeza mwili alikuwa Sajini Kipruto, mtu wa Suam, mfupi, shingo hana, masikio yamekaa mabegani. Alinizunguka mara mbili kama mnunuzi wa ng'ombe akasema, "Hii si mtu, hii ni kamba ya kiatu." Miezi minane baadaye nilikuwa nainua chuma ambacho watu wawili walishindwa. Kwa hiyo usiniletee habari za kuzaliwa.

Nimekutumia chuma kwa lori la mahindi. Ni chuma cha zamani tu, kilikuwa kinalala hapa. Ninacho kingine. Kikifika kipime kwenye mizani yenu, nadhani hakikosi ratili hamsini. Simika nguzo mbili za mkaratusi zenye panda, urefu wa kifua chako, ukilaze hapo. Ingia chini yake, kikae juu ya nyama ya mabega, si juu ya mfupa wa shingo. Toka nacho hatua mbili. Vua viatu. Kisigino kisiache ardhi hata siku moja. Jaza tumbo pumzi, si kifua, tumbo, halafu keti kama unakalia kile kigoda cha mama yako cha miguu mitatu, kisha simama. Hiyo ni moja. Fanya tano. Pumzika mpaka uweze kuongea bila kuhema. Fanya tano nyingine, pumzika, tano za mwisho. Rudisha chuma, nenda ule.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Siku nyingine usikiguse hata kikikuita. Mwili haujengwi wakati unainua, unajengwa wakati umelala. Jumapili ni ya Mungu.

Wiki ya kwanza inua chuma kitupu. Utaona ni chepesi na utanidharau. Nidharau tu, lakini usiongeze. Baada ya hapo, kila mara unapoinua ongeza ratili tano, basi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kipruto alikuwa akisema kibaba hakina haraka, mwenye haraka ni tumbo.

Kula. Mtu wa sindano anakula kama ndege. Maharagwe, maziwa, ugali wa wimbi ukiupata. Na andika kwenye daftari kila siku umeinua nini, kwa sababu kichwa hudanganya, hasa kichwa cha kijana.

Mjomba wako,
Wekoye


Kitale, 18 Juni 1950

Khocha mpendwa,

Nakusalimu tena, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na Mama Wilkista amepona kile kikohozi alichoniandikia Mama. Huku tumemzika mlinzi wetu wa langoni, mzee wa watu, na Bwana Hiram ndiye aliyesoma Zaburi. Sikujua kama ana sauti nzuri hivyo.

Chuma kimefika! Watu wa lori walikishusha wawili wakiguna, wakaniuliza kama najenga reli. Nimekipima: ratili hamsini na mbili. Asante, Khocha. Sina neno kubwa kuliko hilo, kwa hiyo nalirudia. Asante. Hakuna aliyewahi kunitumia kitu kizito hivi. Ncha zake zilikuwa na grisi mbichi, nikajua umekilinda kisipate kutu safarini. Kumbe hata hilo ulilifikiria.

Kuhusu ratili tano tano, nilikosa vyuma vidogo, lakini mimi si mtu wa sindano? Nimekata magunia mabovu nikashona vifuko, nikavijaza mchanga wa mtoni, nikapima kimoja kimoja kwenye mizani ya stoo. Vinaning'inia kwenye ncha za chuma, huku na huku sawasawa. Vifuko vyangu havivuji, na mshono wake ungekufurahisha.

Wiki ya kwanza nilikudharau kama ulivyoniruhusu. Wiki hii ya pili sikudharau tena. Nashuka ngazi za stoo nikishika ukuta. Mama Nyaruai ananijazia kikombe cha uji mara mbili akisema, "Kunywa wewe, si unaona shati inavaliwa na upepo." Hataki nishukuru.

Maksai wako hawajambo? Mkokoteni bado unalia ule mlio wake wa bata? Na Sajini Kipruto, yuko hai? Ningependa kumshukuru naye, maana ni kama ninafundishwa na watu wawili.

Mpwa wako,
Mukhisa


Myanga, 5 Julai 1950

Mpwa wangu,

Mulembe. Wilkista ameacha kukohoa, sasa anaongea, afadhali kikohozi. Maharagwe yamekubali. Jirani yetu ametahiri ulimi wake akaacha pombe, tunaomba adumu mpaka mavuno.

Vifuko vya mchanga nimevipenda. Nimemsomea Wilkista hapo mara mbili. Lakini nikwambie kitu kimoja: pima kila wiki, usipime mara moja ukafunga ndoa. Kitu ulichopima jana si lazima kiwe kilekile leo.

Halafu umeniandikia jinsi unavyoinua, hujaniandikia jinsi unavyoshusha. Wengi wanajua kuinua. Akifika juu anafurahi, anaporomoka kama ukuta wa udongo. Shuka polepole, ukihesabu mbili. Anayejua kushusha haumii.

Maksai wanapumzika. Wamenenepa.

Mjomba wako,
Wekoye


Myanga, 27 Agosti 1950

Mukhisa,

Mulembe. Tuko salama. Niliandika barua tarehe tano Julai, na sasa ni wiki saba sijaona hata nukta. Mama yako naye hajapata neno, amekuja hapa kwa miguu kutoka Misikhu kuniuliza, na mimi nimemwambia una kazi nyingi. Kwa hiyo umenifanya nimdanganye dada yangu.

Kijana akinyamaza wiki saba, ama ameoa ama ameumia. Kama umeoa, hongera, lete mtu tumwone. Kama umeumia, andika.

Wekoye


Kitale, 9 Septemba 1950

Khocha mpendwa,

Mulembe. Nimeshamwandikia Mama leo hii kabla yako, na nimemwomba radhi. Wewe nakuomba sasa.

Sijaoa.

Nitakueleza bila kuficha. Kufikia katikati ya Julai nilikuwa nainua ratili mia na kumi na mbili, mara tano, bila kutetemeka. Nikaanza kujiona. Jumapili moja baada ya ibada vijana wa malori walikuwa wamekaa stoo, mmoja akasema, "Huyu mshona magunia ati anainua chuma, hebu tuone bana." Ilikuwa Jumapili, Khocha. Nilijua. Nikaongeza vifuko vinne mara moja, sikupima, nikaingia chini.

Kumbe mvua ya usiku ilikuwa imenyeshea upande mmoja. Upande wa ukutani vifuko vilikuwa vikavu, upande wa nje mchanga umekunywa maji. Nilipoketi, chuma kikalala kulia kama mtumbwi. Sikushusha polepole. Nilishuka kama huo ukuta wako wa udongo. Mgongo ukakaza hapohapo, na vijana wa malori ndio walioninyanyua.

Siku tisa sikuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Bwana Hiram aliniacha nishone nikiwa nimesimama. Barua yako ya Julai ilifika siku tatu baada ya kuanguka. Niliposoma yale maneno ya kupima kila wiki nililia, kisha nikaificha chini ya godoro, na kila nilipotaka kujibu niliona uso wako. Ulinitumia chuma, ulinitumia maneno, na mimi nikavigeuza vitu vya kuchekesha watu wa malori.

Mgongo sasa umepona. Zimebaki wiki saba na nusu. Najua muda hautoshi. Kama utaniambia niache, nitaacha, na sitakulaumu wala kupunguza shukrani zangu.

Mpwa wako,
Mukhisa


Myanga, 16 Septemba 1950

Mpwa wangu Mukhisa,

Mulembe, mulembe sana. Barua yako imenifikia asubuhi nami nakujibu mchana huu, nimeacha jembe shambani. Wilkista anadhani kuna msiba.

Hakuna anayekwambia uache. Lala vizuri leo. Jumatatu rudi kwenye chuma kitupu. Ndiyo, kitupu, ratili hamsini na mbili, kama hujawahi kukiona. Utasikia aibu. Hiyo aibu pia ni mzigo, ibebe mara tano, pumzika. Ongeza ratili kumi kila mara mpaka ufike ulipoangukia, kisha tano kama mwanzo. Mwili hausahau. Njia uliyoifyeka mara ya kwanza kwa mwezi, safari hii utaipita kwa wiki mbili. Hamisha vifuko ndani, upime kila Jumatatu. Mchanga haujali uliupima vizuri jinsi gani mwezi uliopita.

Na usiogope hesabu. Utafika mwisho wa Oktoba ukiwa na kama ratili mia na sabini. Utasema gunia ni mia mbili. Sikiliza: mguu unaobeba mia na sabini mara tano, unabeba mia mbili mara moja. Ubao hautakuomba upande mara tano kwa pumzi moja.

Uliniuliza habari za Sajini Kipruto mara moja, nami sikujibu. Sitajibu leo pia. Lakini nataka ujue kwamba ulivyoandika, "nitakueleza bila kuficha", mimi nina miaka arobaini na moja na sijawahi kumwandikia mtu barua ya namna hiyo. Nimeisoma mara tatu.

Mjomba wako,
Wekoye


Kitale, 15 Oktoba 1950

Khocha,

Mulembe. Salamu kwa Mama Wilkista. Mimi ni mzima, nimefika ratili mia na arobaini na mbili, vifuko ni vikavu, na mgongo hauna neno. Sasa tuyaache hayo.

Jana Bwana Hiram alikuja nyuma ya stoo kuniona nikiinua. Hakutazama miguu yangu. Alitazama chuma. Alipapasa ncha zake, akaingiza kidole kwenye tundu la pini, akasema, "Mukhisa, hii ulipewa na nani? Hii ni ekseli ya mkokoteni. Nilikuwa na mkokoteni Nyeri miaka sita, siwezi kukosea. Ona hapa vile gurudumu imekula chuma. Na si ya kutupwa, hii ilikuwa inatembea." Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, "Sasa huko nyumbani, nani amekaa bila mkokoteni?"

Khocha, ile grisi. Nilikushukuru kwa ile grisi! Maksai wamenenepa, ukaniandikia, na mimi nikacheka. Mama anakuja kwako kwa miguu kutoka Misikhu, wewe uliyekuwa ukimrudisha kwa mkokoteni hata akikataa, na mimi sikujiuliza. Unapeleka nini sokoni Myanga, na kwa njia gani? Unacho kingine, uliniambia. Kingine kiko wapi?

Nimeona haya kuliko siku ya gunia. Lori linaondoka Alhamisi, tarehe ishirini na sita. Nitakipakia. Siku zitakazobaki nitajua cha kufanya, nitabeba mawe, nitabeba hata Bwana Hiram. Umefanya jambo ambalo Baba angelifanya, na sijui pa kuliweka.

Mpwa wako anayekupenda,
Mukhisa


Myanga, 20 Oktoba 1950

Mukhisa,

Nimempa mtu wa baiskeli barua hii ikuwahi. Mulembe.

Kama chuma hicho kimepanda lori, kishushe. Kikifika hapa kabla ya tarehe moja nakitupa Mto Nzoia, na unajua sitanii.

Huyo Hiram anajua mikokoteni. Mwambie nimemsalimu.

Naenda sokoni kwa mabega, nusu gunia asubuhi, nusu gunia mchana. Nimeinua vizito kuliko hivyo nikiwa nimefurahi kidogo kuliko sasa. Wilkista anasema suruali ya jeshi imerudi kunienea kiunoni. Usiniharibie.

Siku mbili za mwisho usiinue kitu. Kula, lala, shona magunia. Siku yenyewe vua viatu. Gunia likikaa begani usikimbie. Jaza tumbo pumzi, kisigino chini, hatua moja, kisha nyingine. Na ukifika juu, kumbuka kushusha.

Wekoye


Kitale, 2 Novemba 1950

Khocha mpendwa Wekoye,

Mulembe, mulembe, mulembe! Nawasalimu nyote mpaka maksai.

Barua yako ilinikuta chuma kiko kando ya magurudumu ya lori, tayari kupakiwa. Nilikirudisha. Siku ya mwisho niliinua ratili mia na sabini na mbili mara tano, halafu nikakaa siku mbili kama ulivyosema, na hizo siku mbili zilikuwa ngumu kuliko chuma.

Jana asubuhi tulikuwa kumi na mmoja. Wawili walirudi wenyewe kabla ya kujaribu. Mimi niliitwa wa saba. Vijana wa malori walipanda juu ya lori ili waone vizuri, na mmoja akawaita kuku wa Mama Nyaruai, "Kuja, kuja, chakula iko njiani!" Watu wakacheka. Nilivua viatu. Walinipandishia gunia, nikasikia uzito wote ukishuka kupitia mgongo mpaka kwenye visigino, na visigino viliitikia. Nikajaza tumbo.

Hatua za kwanza sikuziogopa. Pale katikati, mahali pangu pa zamani, ubao ulidunda na mguu wa kushoto ukataka kutetemeka. Nikasimama kidogo. Nikasikia sauti yako, naapa, ikisema niketi kama kwenye kigoda, nikapiga goti kidogo tu, nikasimama nalo tena, nikaendelea. Sijui nilipumua mara ngapi. Niliona mabati, yako karibu hivi, ningeweza kuyagusa kwa ulimi.

Bwana Hiram alikuwa ameshapanda juu ya rundo, ananisubiri. Nikataka kulitupa lile gunia na kupiga kelele. Nikakumbuka. Nikageuka, nikainamisha goti, nikahesabu mbili, nikalilaza. Halikutoa hata punje. Yeye akautazama mdomo wa gunia, kwa sababu ni mimi niliyelishona, akasema, "Hata mshono ni safi." Akanipa mkono. Kisha akaniambia polepole, wengine wasisikie, "Sasa rudisha ekseli ya watu."

Jana nimepandisha magunia kumi na manne. Kazi ni yangu. Mama nimemwandikia.

Sitakituma chuma kwa lori, Khocha. Nimepewa ruhusa ya Krismasi. Nitashuka nacho Bungoma mwenyewe.

Nilitaka kumaliza kwa shukrani, na nimekaa hapa mpaka wino umekauka kwenye kalamu. Naona hata hilo neno lina ratili zake. Basi nalisema kama nilivyoweza: asante, Khocha. Ulisimamisha mkokoteni wako ili mimi nisimame.

Mpwa wako,
Mukhisa


Myanga, 14 Januari 1951

Mpwa wangu Mukhisa,

Mulembe, na heri ya mwaka. Wilkista anakusalimu. Bado anawaeleza wanawake wa kanisa jinsi ulivyotoka barabara kuu mpaka hapa na chuma begani, huku ukikataa msaada, na jinsi ulivyommaliza kuku wake kwa siku mbili. Mama yako yuko hapa tangu jana. Nilimleta na mkokoteni.

Lakini nikueleze habari za huo mkokoteni. Ulipoondoka tu nilifunga ekseli, nikatia grisi, nikapachika magurudumu, nikawafunga maksai nira, nikapakia magunia manane kama zamani. Wale wanyama walinitazama kama hawajawahi kuniona. Miezi saba ya kula na kulala! Mmoja alipiga magoti. Wa pili akageuza kichwa kuangalia nyasi. Nilipaaza sauti, nikakasirika, na Wilkista amesimama mlangoni na mwiko wa ugali akaniuliza, "Mukhisa ulimwanzisha na ngapi?"

Nikashusha yote. Wiki ya kwanza walivuta mkokoteni mtupu, watu wa Myanga wakanicheka sana. Wiki ya pili gunia moja. Sasa hivi wako kwenye matatu, pamoja na mama yako, ambaye hataki kupimwa.

Ulipokuwa hapa Krismasi uliniuliza tena juu ya Sajini Kipruto, nami nikaenda kuangalia ng'ombe. Sasa nitakueleza bila kuficha.

Mwaka 1943, Jumapili, mbele ya askari wenzangu, niliongeza chuma ambacho Kipruto alikuwa amenikataza. Nilianguka kama wewe. Afisa alipokuja kuuliza, niliogopa adhabu nikasema Sajini ndiye aliyeniamuru. Kipruto alikuwa amesimama palepale. Alinitazama, akampigia afisa saluti, akakubali lawama. Walimvua vyeo vyake vyote. Na jioni hiyo alikuja hospitalini, bila mistari mkononi, akanieleza jinsi ya kuanza upya na chuma kitupu nikipona. Maneno niliyokuandikia Septemba, yale ya aibu kuwa mzigo, ni yake. Nilipona. Sikuwahi kumwomba radhi wala kumshukuru. Vita viliisha, nikaja nyumbani.

Yu hai. Yuko Suam, ana shamba dogo upande wetu wa mpaka. Nimelijua hilo tangu mwaka 1946, na tangu mwaka huo kila ninapofikiria kwenda, miguu inatetemeka katikati ya ubao.

Wewe ulifanya kosa lilelile, ukaliandika kwa wino, ukaweka jina lako chini. Nilidhani nakufundisha.

Mwezi wa tatu, kabla ya kupanda, nitakuja Kitale kwa basi. Muombe Hiram siku mbili. Twende Suam pamoja, na nitabeba gunia moja la mahindi begani kutoka barabarani mpaka kwake, simpi mtu. Nikifika sijui nitasema nini, kwa hiyo nimeanza mazoezi. Kila jioni nasema neno moja mbele ya maksai, kesho yake naongeza jingine. Nimefika "Sajini, mimi ni Wekoye."

Mjomba wako anayekushukuru,
Wekoye